JIRANI NA NYUMBA YA JIRANI
Mafunzo Kutoka Katika Tarehe Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani nyumba si kuta na dari tu. Ndani yake watoto wamezaliwa, wazee wameoshwa na kukafiniwa, na barazani pake majirani wamekaa baada ya Alasiri miaka na miaka. Nyumba kama hiyo ikiuzwa kwa deni, hawaondoki watu watano au sita peke yao. Huondoka na jina lao katika mtaa. Na aghlabu wanaoondoka hivyo si wenye nguvu. Ni mjane aliyeachiwa watoto, ni mzee ambaye macho yamefifia, ni yatima ambaye hati ya babake imeshikwa na mtu mwingine, ni mtu asiyeweza kusoma lugha iliyoandikiwa deni lake.

Watu wengi wadhani kwamba wajibu wa jirani huanza siku ya mnada. Siku hiyo ndipo watu husikitika, wakachangishana, na wengine wakalia. Lakini tarehe yatufundisha mengine. Nyumba haipotei siku dalali anapopiga kelele ya bei. Nyumba hupotea siku ile karatasi ilipoandikwa, na mnyonge akatia kidole chake katika wino, naye hana mtu upande wake. Basi msaada wa jirani mahali pake pa kwanza ni hapo, penye karatasi, kabla wino haujakauka. Haya ndiyo nitakayoyaeleza, inshaallah, kwa khabari za zamani na za karibu.

MADINA: KALAMU, DENI NA JIRANI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuteremka juu ya Sala wala juu ya Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo inazungumzia kuandika deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe muadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atamke yanayoandikwa. Kisha akasema, kwa maana yake, kwamba ikiwa mdaiwa ni mpungufu wa akili, au ni dhaifu, au hawezi kutamka mwenyewe, basi msimamizi wake atamke badala yake kwa uadilifu. Tazama jambo hili! Sheria imemfikiria mnyonge kabla hajaingia katika khasara, ikamwekea mtu wa kusimama naye pale kalamu inapokwenda. Na aya iliyotangulia kidogo, ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na ikasema kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

Mtume (s.a.w.) aliyatenda hayo mwenyewe. Abdullah bin Amr bin Haram, babake Jabir, aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625. Aliacha mabinti na akaacha madeni, na mwanawe Jabir alikuwa kijana. Mtume (s.a.w.) aliwaombea wadai wakubali matunda ya shamba, wamsamehe maiti yaliyobaki. Hawakukubali. Basi hakusema, "Mimi nimekwisha sema, yaliyobaki ni yao." Alikwenda yeye mwenyewe penye mitende, akaomba baraka, watu wakapimiwa haki zao zote, na tende zikabaki. Sisi hatuna muujiza wa Mtume, lakini miguu yake twaweza kuifuata. Alizungumza na wadai, kisha akahudhuria pahali pa hesabu. Hayo mawili kila jirani anayaweza.

Khabari nyingine ni ya Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa wa Mtume (s.a.w.) akaachwa huru. Alikuwa na vyumba viwili katika uwanja wa Saad bin Abi Waqqas, akataka kuviuza. Watu wengine walikwisha kumpa bei ya dinari 500 taslimu. Saad akasema hazidishi dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Bei ya Saad ilikuwa ndogo, na malipo yake ya pole pole, na juu ya hayo Abu Rafi alimwuzia yeye, akaeleza kwamba lau hakumsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ule ukaribu wake, asingalimpa. Imam Bukhari ameipokea khabari hii.

Hapa ndipo wanavyuoni walipojenga mlango wa shufaa, yaani haki ya kutangulizwa katika kununua. Katika madhehebu yetu ya Shafi shufaa ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, si ya jirani wa ukuta kwa ukuta. Mahanafi wamempa jirani pia. Lakini hata sisi tusiompa jirani haki hiyo mbele ya kadhi, hatuwezi kuikataa adabu iliyomo ndani yake: mtu asiuze kwa siri, na jirani asiwe wa mwisho kupata khabari.

MAS'ALA YANAYOTUHUSU ZAIDI

Sasa nitataja jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Je, mtu akifilisika, nyumba anayokaa huuzwa? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), amesema katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wamekisoma kwa karne nyingi, kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa nyumba ya aliyefilisika huuzwa. Huachiwa nguo zinazomfaa na chakula cha siku ile. Madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal yamesema vingine: nyumba ambayo mtu hana budi nayo haiuzwi, kama alivyoeleza Ibn Qudama katika Al-Mughni.

Asije mtu akasema kwamba madhehebu yetu hayana huruma. Kadhi ameketi baina ya watu wawili, na mwenye kudai naye ana haki yake; huenda naye ni mjane. Kadhi hawezi kumhurumia huyu kwa mali ya yule. Bali maana yake kwetu ni nzito zaidi: ikiwa sisi ni Mashafi, basi tusingoje kadhi atuokolee jirani. Mambo yakisha kufika huko, hukumu yaweza kuwa ni kuuza. Aliyekuwa na nafasi ya huruma ni mwenye mali akisamehe, na ni watu wa mtaa wakitangulia.

Na hivyo ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.) kwa mtu mmoja aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, deni likamzidi. Kama alivyopokea Imam Muslim, kwanza aliwaambia watu wamtolee sadaka. Watu wakatoa, lakini haikutimia. Ndipo akawaambia wadai wachukue walichokipata, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Angalia mpango huo: watu kwanza, kisha hukumu.

BEI KHIYARI KATIKA VISIWA VYA KARAFUU

Natuje sasa kwetu. Katika Unguja na Pemba wenye mashamba ya karafuu walikopa sana tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1872 tufani liliangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1897 hukumu ya kisheria ya utumwa iliondoshwa, kama ilivyopasa, na wenye mashamba ikawabidi kulipa wachumaji ujira. Karafuu huzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwaka mwingine, lakini mtu ana njaa kila mwaka. Basi watu wakakopa juu ya mavuno ambayo hayajachanua.

Namna moja ya kukopa ilikuwa ni bei khiyari. Kule Hadhramaut muamala wa jinsi hii wajulikana kwa jina la bei ya uhda. Nitapiga mfano wa hesabu ili ueleweke. Tuseme mtu ana mali ya thamani ya rupia 2,000, naye ahitaji 500. Huandikwa kwamba ameiuza kwa rupia 500, na kwamba ana khiyari ya kuirudisha kabla ya muda fulani akileta zile 500. Huku nyuma hubaki humo humo, lakini sasa ni mpangaji, alipa ijara ya rupia 60 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano amekwisha kulipa 300, na deni bado ni 500 kamili, halikupungua hata pesa moja. Na muda ukipita hana kitu, mali ya 2,000 imekwenda kwa 500.

Wanavyuoni walikhitalifiana juu ya muamala huu. Wako waliouruhusu kwa haja za watu, na wako waliosema kwamba hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Mimi simhukumu maiti yeyote. Nasema tu kwamba aliyekuwa na akili ya hesabu aliyaona yatakayotokea tangu siku ya kwanza, na mwenye mali aghlabu hakuwa na akili hiyo, wala hakumwita mwenye nayo. Aliona haya. Alikwenda usiku kwa mkopeshaji ili majirani wasijue, kwani deni lilikuwa aibu. Na majirani nao hawakuuliza, kwani kuuliza kulionekana ni kuchungulia siri za watu. Baina ya haya ya huyu na ukimya wa wale, mashamba na nyumba zikaenda.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, uchunguzi uliofanywa mwaka 1933 ulionyesha ukubwa wa madeni hayo. Mwaka 1934, katika utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub, zikatolewa sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihame bila ya idhini, na za kuwasimamia wakopeshaji. Ugomvi mkubwa ukatokea, hata karafuu za Zanzibar zikasusiwa Bara Hindi mnamo 1937 na 1938, mpaka pande mbili zikapatana. Wala tusiseme kwamba makosa yote yalikuwa ya kabila moja. Wakopeshaji nao walikuwa na madeni kwa matajiri wao, na wakopaji wengine walitumia fedha zile kwa fahari ya harusi. Funzo letu ni hili: ilibidi serikali nzima isimame kuzuia kwa sheria jambo ambalo, mtaa kwa mtaa, jirani mmoja anayejua hesabu angaliweza kulizuia kwa kusema, "Ndugu yangu, usitie kidole kwanza."

MOMBASA NA MALINDI: ASIYESEMA HANA CHAKE

Katika pwani ya Kenya khabari ilikuja kwa mlango mwingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete madai yake na ushahidi wake. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ni ya serikali ya Mwingereza. Aliyekuwa na wakili, au karatasi, au mtoto aliyesoma, alikwenda akaandikishwa. Bibi kizee aliyepanda minazi yake kwa mkono wake hakujua kwamba mnazi haukuwa ushahidi wa kutosha mpaka mtu ausemee. Watu wengi, na ndugu zetu Mijikenda wakiwa mbele, wakajikuta wageni juu ya ardhi ya babu zao.

Na mpaka leo yako Mombasa mambo yanayotokana na historia hiyo. Katika mitaa kama Majengo utamkuta mtu ana nyumba yake, lakini kiwanja si chake. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenyewe. Mwenye kiwanja akiuza, mwenye nyumba yu katika hatari, japokuwa kuta ni zake. Mtu wa namna hiyo yampasa kuweka stakabadhi zake zote za kodi, na akiwa hawezi kuzisoma, jirani amsomee na kumpangia.

Wazee wetu walijaribu kuweka ukuta kwa njia ya wakfu. Mtu aliweka nyumba yake wakfu kwa kizazi chake, isiuzwe wala isirithiwe, ili mjukuu asiye na kitu apate pa kulala. Lakini mahakama ya Privy Council ya London ilihukumu mwaka 1894, katika kesi ya Bara Hindi, kwamba wakfu wa jamaa usiokuwa na fungu la hakika la maskini ni batili. Huko India hukumu hiyo ilibadilishwa kwa sheria ya 1913. Juu ya hivyo, mwaka 1951 mahakama hiyo hiyo iliifuata kauli yake ya zamani katika kesi iliyotoka Kenya, na ikabidi sheria ya wakfu ya Kenya ya 1951 iutambue wakfu wa jamaa. Hata ukuta uliojengwa kwa nia njema, basi, wahitaji mtu wa kuulinda kwa maandishi.

YATUPASAYO LEO

Ndugu Waislamu, karatasi zimezidi, hazikupungua. Na mambo ya kumsaidia jirani ni haya.

La kwanza ni kusoma. Jirani mnyonge akiletewa karatasi, asomewe neno kwa neno kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Aulizwe maswali matatu: Hii ni bei au ni rahani? Jumla ya nitakayolipa ni ngapi? Nikishindwa, kitachukuliwa nini? Ikiwa mwenye kumletea hataki kungoja hata siku moja ili isomwe, hiyo yenyewe ni dalili.

La pili ni kujua nyakati. Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamtaka mkopeshaji aliyewekewa nyumba rahani atoe ilani ya maandishi, na mdaiwa apewe muda usiopungua miezi mitatu kulipa yaliyomlemea. Kisha ilani ya pili ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Siku hizo ndizo za kazi! Wengi huificha ilani chini ya mto kwa khofu, wakaja kuitoa siku ya mnada. Jirani amtie moyo aitoe mapema, waende pamoja kwa mkopeshaji kuomba kupangiwa upya, na kwa wakili au wanaotoa msaada wa sheria bure.

La tatu ni haki ya mke. Nyumba ya ndoa haiwekwi rahani wala haiuzwi bila ya ridhaa ya mume na mke wote wawili. Hivyo ndivyo zisemavyo sheria za Kenya za 2012 na 2013, na Tanzania Bara tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanamke aliyewekewa nyumba rahani bila ya idhini yake asinyamaze.

La nne ni mirathi. Nyumba nyingi zetu zimeandikwa jina la babu aliyekufa miaka 40 iliyopita, mirathi haikugawanywa, na mrithi mmoja mwenye mkono mrefu huuza yote. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi ya Waislamu, japo haina mamlaka ya mikopo ya mabenki. Majirani wazee ndio wajuao nani mtoto wa nani. Ushahidi wao ni amana, na kuuficha ni dhambi. Wawahimize warithi kwenda kwa kadhi sasa, mashahidi wangali hai.

La tano ni mali. Anayeweza kukopesha bila riba, yaani karadha njema, na akopeshe na aandike. Asiyeweza, msikiti una watu mia. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Tena mwenye deni la halali aliyeelemewa ni katika watu wanane wanaostahiki Zaka. Zaka zetu nyingi huishia katika vishilingi vya kugawa mlangoni, na wala hazimkomboi hata mtu mmoja.

La sita ndilo gumu zaidi. Jirani asiisubiri nyumba. Wako watu wasiomkopesha mwenzao shilingi moja, lakini siku ya mnada wao ndio wa mbele, wameijua nyumba vyumba vyake na kisima chake, wakainunua kwa nusu ya bei. Mbele ya sheria huenda ununuzi huo ukasihi. Lakini mkumbuke Abu Rafi, aliyepunguza haki yake kwa ajili ya jirani, kisha umtazame huyu aliyeutumia ukaribu wake kumtangulia jirani katika nyumba yake mwenyewe. Kama una fedha za kununua siku ya mnada, ulikuwa nazo za kumkopesha siku ya ilani. Na kama hapana njia ila kuuzwa, basi mpe bei ya haki, umpe na muda wa kuhama kwa heshima.

Wazee wamesema mgeni ni siku mbili. Jirani hana hesabu ya siku. Kuta zenu zimeegemeana, na chake kikiporomoka chako hupata ufa. Basi leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu afikiri ni nani katika mtaa wake asiyeweza kusoma karatasi zake mwenyewe. Kesho baada ya Sala ya Alfajiri ampitie, amuulize hali.

Mwenyezi Mungu awatie wasaa wenye dhiki, awalainishe nyoyo wenye kudai, na atujaalie tuwe majirani ambao watu huwa salama nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.